Maurice Wilks, Mkulima Aliyechora Gari Mchangani

Sisi wa Katumba Songwe na ufuko wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa twaishi chini sana. Maji ya ziwa letu yako mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini kila atakaye kwenda Mbeya hupanda mpaka avuke bega la mlima Rungwe, mahali palipo zaidi ya mita 2,000. Kilele chenyewe cha Rungwe chafika karibu mita 2,960. Na atakaye kwenda Ukinga huitazama Milima ya Livingstone ikisimama kama ukuta nyuma ya Matema. Siku hizi lami imetusaidia mno. Ila wazee wetu wanakumbuka masika ya zamani, udongo wa Rungwe ukiteleza kama sabuni na tope jeusi la bondeni likishika magurudumu hadi katikati. Siku hizo watu walitega masikio wasikie mlio wa gari moja tu, Land Rover.

Jina hilo kila mtoto analijua. Mtu aliyelibuni gari lenyewe ni wachache wamjuao, nasi twapenda kusimulia habari zake.

Maurice Wilks alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 katika kisiwa cha Hayling, pwani ya kusini ya Uingereza. Alisoma katika shule ya Malvern, kisha akajifunza uhandisi wa magari. Mwaka 1926 alivuka bahari kwenda Marekani akafanya kazi katika kampuni ya General Motors kwa miaka miwili. Huko aliona jinsi magari yanavyotengenezwa kwa maelfu. Aliporudi kwao alifanya kazi katika kampuni ya Hillman, na mwaka 1930 akaingia kampuni ya Rover, akawa mhandisi mkuu.

Ndugu yake mkubwa, Spencer Wilks, alikuwa amekwisha kutangulia katika kampuni hiyo, naye akawa kiongozi wake. Miaka ile biashara ilikuwa imeharibika duniani kote, na Rover ilikuwa karibu kufilisika. Ndugu hao wawili waliigawana kazi: Spencer alishika hesabu na watu, Maurice akashika michoro na mitambo. Waliamua kutengeneza magari machache yaliyo mazuri, na kampuni ikapona. Maurice alikuwa mtu mpole asiyependa kujionyesha, na hata leo kitu alichokibuni kina sifa kuliko yeye mwenyewe.

Vita kuu ya pili ilipokuja, kiwanda chao cha Coventry kiliharibiwa na mabomu mwaka 1940. Maurice alipewa kazi ngumu ya kusaidia kutengeneza injini mpya ya ndege iliyobuniwa na Frank Whittle, injini ya jeti. Kazi hiyo ilileta ugomvi kati ya Whittle na watu wa Rover, maana kila upande uliona unajua zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1943 mambo yalimalizika kwa kubadilishana: kampuni ya Rolls-Royce ikachukua injini ya jeti, na Rover ikachukua injini ya vifaru iitwayo Meteor. Hivyo Maurice alionja kushindwa kabla hajapata sifa. Hata hivyo elimu ile haikupotea. Mwaka 1950 Rover ilionyesha gari la kwanza duniani kuendeshwa kwa injini ya namna hiyo, lililoitwa JET1.

Vita ilipokwisha, kampuni ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Solihull na wafanyakazi wengi, lakini haikuwa na chuma cha kutosha. Serikali ya Uingereza iligawa chuma kwa vipimo, na waliopendelewa ni wale waliouza bidhaa zao nchi za nje. Magari ya Rover yalikuwa ya watu wenye nafasi, tena hayakuuzwa sana nje. Ingekuwaje basi kwa wale waliotegemea mishahara ya kiwanda hicho? Hilo ndilo jambo lililowanyima usingizi ndugu hao wawili.

Jibu lilitoka shambani. Maurice alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na kwa kazi za shamba alitumia Jeep kuukuu la Kimarekani lililobaki vitani. Lilivuta magogo, lilipita matopeni, lilifika mahali ambapo gari la kawaida lisingethubutu. Lakini lilikuwa limechoka, na spea zake zilikuwa shida kupatikana. Inasimuliwa kwamba Spencer alimwuliza atafanya nini Jeep hilo litakapokufa. Maurice akajibu kuwa atanunua jingine, maana hakuna gari lingine liwezalo kazi ile. Wote wawili wakanyamaza, wakatambua kwamba kumbe hiyo ndiyo biashara waliyokuwa wakiitafuta.

Mwaka 1947, wakiwa ufukoni mwa Red Wharf Bay katika kisiwa hicho hicho, Maurice alichora kwa mkono wake mchangani umbo la gari alilolifikiria. Maji ya bahari yaliufuta mchoro ule, lakini wazo halikufutika. Mwezi Septemba mwaka huo wakuu wa kampuni walikubali kazi ianze.

Gari la kwanza la majaribio liliwekwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani wake ulikuwa katikati, ili liuzwe sawa katika nchi ziendeshazo kushoto na ziendeshazo kulia. Wazo hilo halikufaa, likaachwa. Mengine yalifaa. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba, bodi ilitengenezwa kwa madini ya alumini, ambayo ni mepesi na hayali kutu. Mabati yalikunjwa kwa mistari iliyonyoka, kwani kampuni haikuwa na fedha za mashine za kuyafinyanga. Chesisi iliungwa kwa vipande vya bamba la chuma vilivyochomelewa. Rangi ilikuwa ya kijani hafifu, iliyobaki kutoka kwenye viwanda vya ndege za vita. Gari lile lenye urembo mdogo lilizaliwa na uhaba, na uhaba huo ndio uliolifanya liwe imara na rahisi kutengenezwa.

Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, Uholanzi. Maurice na nduguye walidhani litakuwa gari la muda tu, la kuwavusha miaka miwili mitatu hadi magari yao ya kawaida yanunulike tena. Haikuwa hivyo. Punde lilinunuliwa kuliko hayo magari ya kawaida. Novemba 1959 zilikuwa zimetengenezwa Land Rover 250,000, na Aprili 1966 zikafika 500,000.

Zilifika na huku kwetu. Tanganyika ya miaka ya 1950 ilikuwa na barabara chache za kuaminika, na katika nyanda za juu gari hilo lilipata kazi iliyolifaa hasa. Siri yake ni kwamba magurudumu yote manne huvuta, na mbali na gia za kawaida kuna gia za nguvu ziendazo polepole sana. Dereva mzoefu hangoji mpaka akwame. Huingiza gia hizo kabla ya kuanza kupanda. Katika kuteremka, mathalani kutoka Tukuyu kuja Kyela wakati wa mvua, huiacha injini ilizuie gari, wala hakanyagi breki kwa nguvu, kwa sababu gurudumu lililofungwa juu ya tope haliusikii tena usukani. Vidole gumba huviweka nje ya usukani, usije ukarudi kwa kishindo gurudumu likigonga jiwe na kumvunja. Akifika mtoni hushuka kwanza, akapima kina kwa fimbo na kwa miguu yake. Maji yakiwa mengi huufungua mkanda wa feni, ili feni isiirushie maji mitambo ya moto. Na nyuma hukosi jembe, panga na kamba. Hayo yote hayahitaji haraka. Mlima humwadhibu mwenye pupa na kumpitisha mwenye subira.

Lakini tusimulie habari nzima. Gari lililowapandisha mlimani wauguzi, mabwana shamba na mapadre ndilo lililowabeba maofisa wa kikoloni. Na katika Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, askari walipanda magari hayo hayo kuwasaka watu katika misitu ya milimani. Maurice Wilks alikusudia chombo cha mkulima, lakini chombo hakimchagui dereva wake. Kisu kile kile hukata mboga, tena humjeruhi mtu. Wajibu wa aliyekishika haumwondokei kwa kumsifu wala kumlaumu aliyekitengeneza.

Mwaka 1962 Spencer alistaafu, na Maurice akawa mwenyekiti wa kampuni mahali pake. Hakukaa sana. Tarehe 8 Septemba 1963 alifariki dunia huko huko Anglesey, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa katika uwanja wa kanisa dogo la Mtakatifu Maria, Llanfair-yn-y-Cwmwd, kanisa la ushirika wetu wa Anglikana. Si mbali na shamba ambalo Jeep lake kuukuu lilivuta magogo.

Gari la umbo lile la zamani liliendelea kutengenezwa Solihull, likibadilishwa kidogo kidogo, hadi tarehe 29 Januari 2016, baada ya kutoka zaidi ya milioni mbili. Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha katika tamasha kubwa.

Tukimfikiria mtu huyu, tusimfanye malaika. Alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kukiokoa kiwanda, na mkulima aliyetaka kuvuta magogo yake. Lakini alitazama shida iliyokuwa mbele ya macho yake, akaitengenezea dawa kwa vitu vilivyokuwapo, bila kungoja vile visivyokuwapo. Kwa njia hiyo aliwafaa watu wasiohesabika ambao hakuwajua majina. Wako wagonjwa waliopandishwa Rungwe usiku wa mvua, na wako watoto waliofika hospitali wakiwa hai, kwa sababu mkulima mmoja alichora mchangani akijifikiria yeye na shamba lake.

Nasi katika mtaa wetu tuna shida zetu zilizo mbele ya macho: daraja lililobebwa na mafuriko, njia ya kwenda kisimani, paa livujalo. Mara nyingi twasema tutaanza fedha zikipatikana. Maurice Wilks alianza na alumini kwa kukosa chuma, na rangi iliyobaki kwa kukosa nyingine. Tutazame basi, sisi tuna nini nyumbani?