Imamu Ghazali Katika Khalwa

Linapowadia kumi la mwisho la Ramadhani, wako ndugu zetu wa Ndia Kuu wanaoacha biashara zao wakaingia msikitini kukaa itikafu, nayo ni Sunna ya Mtume wetu (s.a.w.). Kwao, na kwetu sote, twaona yafaa kukumbusha khabari za Imamu Abu Hamid Al-Ghazali.

Imamu alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 wa Hijra (1058). Mwaka 484 (1091) Waziri Nidham al-Mulk alimweka kuwa mudarisi wa Madrasa ya Nidhamia huko Baghdad. Wanafunzi 300 walihudhuria darasa zake, na wakubwa wa dola walimheshimu. Lakini alipoihesabu nafsi yake, aliona kuwa anasomesha kwa kutaka cheo na sifa, si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Tangu Rajabu mwaka 488 (1095) alishindana na nafsi yake kwa muda wa karibu miezi sita. Mwisho ulimi ukafungika: hukaa kusomesha, na neno lisitoke. Chakula nacho hakikushuka, na matabibu wakakata tamaa.

Hapo aligawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake, akasafiri kwenda Sham. Alikaa huko karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Muqaddas, akijifungia katika Kuba ya Mwamba, na baadaye akahiji. Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipotunga Ihya Ulumi d-Din, kitabu kijulikanacho sana na wanavyuoni wa pwani yetu.

Yako mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza, hakuwaacha watoto wake na njaa. Mwenye kuingia itikafu, na huku nyumbani mkewe anakopa unga, ameshika Sunna na kuacha faradhi. La pili, Imamu alirudi. Haja za watoto wake zilimrejesha kwao, na mwaka 499 (1106) akaketi tena kusomesha, huko Nishapur. Alifariki Tus mwaka 505 (1111). Kazi aliyoirudia ni ile ile aliyoikimbia. Kilichobadilika ni nia.

Basi, ndugu zetu, tujiulize. Ikiwa tutakaa msikitini siku kumi na mazungumzo yetu ni bei ya samli na aibu za watu, ni kipi tulichokiacha nje? Na baada ya Idi, ikiwa mizani zetu zitapunja kama zilivyokuwa zikipunja, basi itikafu yetu ilikuwa kubadili mahali pa kulala tu. Kimya cha msikitini hujulikana ukweli wake sokoni.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu, na azitakase nia zetu. Amin.