Msiri, Mfalme wa Bunkeya

Kaskazini ya Likasi, mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu kutoka Buluo, iko Bunkeya. Zamani palikuwa mji mkuu wa mfalme ambaye jina lake lilitisha tangu Lualaba hata Luapula. Mfalme huyo ni Msiri.

Hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa magharibi ya Unyamwezi yapata mwaka 1830, akaitwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kuja huku kununua shaba. Karibu na mwaka 1856 mwana alikuja mwenyewe pamoja na wafuasi wachache, akapokelewa na wakuu wenyeji kama mgeni. Lakini mgeni huyo alikuwa na bunduki, na wenyeji walikuwa na mikuki na pinde. Wazee husimulia kwamba Mpande, mkuu wa Wasanga, aliposhambuliwa na Waluba, bunduki za Msiri ndizo zilizowafukuza adui. Basi wakuu wengi wakamkimbilia wapate kulindwa. Na aliyelindwa alipaswa kulipa.

Hivyo ukatokea ufalme wa Garenganze. Haukujengwa kwa vita tu. Watu wake, ndio Wayeke, walileta viazi vitamu, wakaleta na maarifa ya kuchanja ndui, maradhi yaliyokuwa yakiangamiza watu wengi. Walijua pia kuvuta nyuzi za shaba. Mfalme alioa mamia ya wanawake kutoka makabila aliyoyatawala, na baadhi yao akawapa vijiji wavisimamie. Hivyo habari za mbali zilimfikia upesi. Misafara ya Wapwani iliingia Bunkeya kutoka mashariki, na ya Wabihe wa Angola kutoka magharibi.

Walakini bunduki na baruti hazikuja bure. Zililipwa kwa shaba, kwa pembe, na kwa watu. Ole wao waliokataa kodi! Vijiji vyao vilivamiwa, na watoto wao wakachukuliwa utumwani. Wageni waliofika Bunkeya waliona mafuvu ya vichwa vya watu juu ya miti ya boma. Silaha ile ile iliyomwokoa Msanga sasa ilimwelekea yeye, naye hakuwa na mlinzi mwingine wa kumkimbilia.

Mwaka 1891 mwanamke Msanga, jina lake Masengo, aliuawa. Wasanga wakaasi. Mashamba yakaachwa, njaa ikaingia Bunkeya, na watu wakaanza kuuhama mji.

Wakati huo huo Wazungu walikuwa wakishindania nchi yenye shaba. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alileta mkataba wa Waingereza, Msiri akaukataa. Tarehe 14 Desemba 1891 akafika kapteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msiri hakukubali bendera yake. Tarehe 20 kapteni Bodson alikwenda kumkamata, akampiga risasi akafa. Bodson naye alipigwa na mtu wa Msiri, akafa.

Wasanga hawakuja kumlilia. Stairs aliwarudishia wakuu wao mamlaka, lakini chini ya bendera ambayo wao pia hawakuichagua. Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, alibaki na sehemu ndogo tu ya ufalme wa baba yake, akaitawala hata alipofariki mwaka 1910.