Theodor Bilharz, daktari aliyegundua minyoo ya kichocho

Kama umetoka Ngumi, Koyama au kisiwa kingine cha Wabajuni, umekua ukioga baharini bila hofu ya kichocho, kwa sababu konokono wanaokieneza hawaishi kwenye maji ya chumvi. Ukivuka bara na kufika Mto Juba, nyuma ya Kisimayu, mambo hubadilika. Huko kichocho kipo. Aliyetufungulia njia ya kuujua ugonjwa huu ni Theodor Bilharz.

Bilharz alizaliwa mwaka 1825 mjini Sigmaringen, Ujerumani ya leo. Mwaka 1850 alikwenda Misri pamoja na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, akafanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo. Wagonjwa wengi huko walikojoa damu. Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 26, alipasua maiti akakuta minyoo midogo ndani ya mshipa wa damu unaoingia kwenye ini. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba mayai ya minyoo hiyo ndiyo yanayojeruhi kibofu na kuleta damu kwenye mkojo.

Alifariki Cairo mwaka 1862 kwa homa, akiwa na miaka 37. Ndiyo maana kichocho huitwa pia bilhazia.

Hakuwahi kujua minyoo hiyo huingiaje mwilini. Wengi walidhani mtu huinywa na maji. Mwaka 1915, Robert Leiper alionyesha hukohuko Misri kwamba mayai hutoka na mkojo hadi mtoni, vijidudu hukua ndani ya konokono, kisha humwingia mtu kupitia ngozi.

Kwa hiyo, kuchemsha maji ya kunywa ni lazima, lakini hakutoshi ikiwa unafulia mtoni na watoto wanaoga humo. Fanya hivi:

- Tumia choo; usikojoe wala kujisaidia mtoni au kwenye mfereji.
- Maji ya kuoga ukiyateka mtoni, yachemshe kisha yapoe, au yaweke siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa. Vijidudu hufa.
- Mtoto akikojoa damu, usiseme ni dalili ya kubalehe. Mpeleke kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli inatibu.

Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na figo. Usione haya kusema; wahudumu wa afya wanaujua ugonjwa huu.