Delia Derbyshire: Dada aliyeunda msafara wa jangwani kwa kifuniko cha taa

Msafara una sauti gani?

Ukimuuliza mtu wa Tabora, hatakutajia ngamia. Njia ya zamani ya kutoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo ilitembewa kwa miguu ya watu. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo pembe za ndovu zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mbele alitembea kirangozi. Nyuma yake kulikuwa na ngoma, pembe za kupuliza, nyimbo, na bunduki zilizofyatuliwa hewani msafara ulipokaribia mji.

Sasa chukulia kijana wa Cheyo, hapo hapo Tabora mjini, ana laptopu na hedifoni na anataka kutengeneza mchezo wa kusikiliza kuhusu msafara huo. Atapata wapi sauti? Hakuna aliyepita njia ile na kinasa sauti. Itabidi aiunde mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kuna mwanamke London aliyepewa kazi ya aina hiyo. BBC ilikuwa na filamu ya televisheni kuhusu Watuaregi, watu wa jangwa la Sahara wanaosafiri na ngamia, na ilihitajika sauti ya joto, mchanga na umbali. Hakuwa na sinthesaiza. Plagini hata jina lake lilikuwa halijazaliwa. Alikuwa na kifuniko cha taa cha chuma, rangi ya kijani, kilichochakaa.

Jina lake Delia Derbyshire. Kama umewahi kusikia muziki wa kufungulia Doctor Who, ile tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati, umesikia kazi ya mikono yake.

Mtoto wa ving'ora

Delia alizaliwa Coventry, Uingereza, tarehe 5 Mei 1937. Baba yake alikuwa fundi wa mabati. Usiku wa Novemba 14, 1940, ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo mabomu mpaka kanisa lake kuu likabaki magofu. Delia alikuwa na miaka mitatu.

Ving'ora vya kutangaza hatari, na kile cha kutangaza kwamba hatari imepita, vilimkaa kichwani. Ukubwani alikuja kusema kwamba huo ndio ulikuwa muziki wake wa kwanza wa kielektroniki. Mlio unapanda, unashuka, na hujui umetoka wapi. Mtoto wa Tabora pengine atakumbuka honi ya treni usiku. Yeye alikumbuka king'ora.

Familia ilimhamishia Preston, kaskazini, akae salama. Huko alipata sauti nyingine: viatu vya mbao vya wafanyakazi wa viwanda vikigonga mawe ya barabara alfajiri, mamia kwa pamoja.

Shuleni alikuwa mkali wa hesabu. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vyote vilimkubali, jambo ambalo kwa binti wa fundi mabati wa wakati ule lilikuwa kubwa kweli. Akaenda Girton, Cambridge, akaanza na hesabu, kisha akachanganya na muziki. Alimaliza mwaka 1959.

Akaomba kazi Decca, kampuni kubwa ya kurekodi muziki. Jibu likaja: studio zao haziajiri wanawake. Siyo kwamba hakufaulu usaili. Ni hivyo tu.

Basi akaenda Geneva, akafundisha watoto wa wanadiplomasia piano na hesabu, akarudi nyumbani akafundisha shule ya msingi. Novemba 1960 akaingia BBC kama msaidizi wa studio mwanafunzi.

Chumba ambacho wengine walikikimbia

Ndani ya BBC, kwenye majengo ya Maida Vale, London, kulikuwa na kitengo kilichoitwa Radiophonic Workshop. Kilianza mwaka 1958, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwanamke, Daphne Oram, akiwa na Desmond Briscoe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti ambazo bendi haiwezi kuzipiga: roho, ndoto, mashine za sayari nyingine, maumivu ya tumbo ya mchekeshaji wa redio.

Mwanzoni watu walipelekwa pale kwa miezi michache tu. Kulikuwa na hofu kwamba milio ile, ukikaa nayo sana, itakuchanganya akili. Wengine walipelekwa bila kupenda. Delia aliomba mwenyewe aende. Alihamishiwa pale Aprili 1962 na akakaa miaka 11.

Fundi mwenzake, Brian Hodgson, ndiye aliyetengeneza sauti ya chombo cha Doctor Who kinapopaa. Alichukua ufunguo wa mlango wa nyumba ya mama yake, akaukwaruza kwenye nyuzi nene za piano mbovu, kisha akaichezea rekodi hiyo kwenye tepu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa pale: chukua kitu cha kawaida, kirekodi, kivuruge mpaka asiwepo wa kukitambua.

Noti kwa noti, kwa wembe

Mwaka 1963 mtunzi Ron Grainer aliacha karatasi moja ya noti za muziki wa Doctor Who, na maelezo machache: hapa upepo, pale wingu. Akaenda zake likizo. Delia akabaki na kazi, akisaidiwa na Dick Mills.

Hapa inabidi kwenda polepole, maana kijana aliyezoea kuburuta kidole kwenye skrini hawezi kuamini.

Hakukuwa na kinanda cha kielektroniki. Sauti nzito ya chini, ile dum-da-da-dum, ilianzia kwenye uzi mmoja uliokung'utwa. Waliurekodi mara moja. Kisha wakairudia rekodi hiyo kwa kasi tofauti: ukiharakisha tepu mlio unapanda, ukipunguza unashuka. Hivyo uzi mmoja ukazaa noti zote walizohitaji.

Wimbo wenyewe wa juu ulitoka kwenye osileta, vifaa vya mafundi mitambo vya kupimia, ambavyo vinatoa mlio mmoja mtupu kama filimbi isiyo na pumzi. Mlio unaoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine ni mtu anazungusha kitufe kwa mkono. Na ile inayosikika kama upepo? Ni kelele kama za redio isiyo na stesheni, zilizopitishwa kwenye kichujio kinachobakisha sehemu na kutupa nyingine.

Baada ya hapo, wembe. Kila noti ilikatwa kwenye tepu kipande kwa kipande na kuunganishwa kwa utepe wa gundi. Tepu ikikimbia inchi 15 kwa sekunde, noti ya nusu sekunde ni kipande cha inchi saba na nusu. Ndiyo maana hesabu zilimfaa Delia. Alitembea na kitabu cha logariti, akikokotoa urefu na mitetemo kama mhandisi wa daraja.

Mwisho walikuwa na tepu tatu: moja ya sauti za chini, moja ya wimbo, moja ya upepo. Hapakuwa na mashine ya kuzipanga pamoja. Waliziweka kwenye mashine tatu na kuziwasha kwa wakati mmoja, wakiomba zisiachane njiani.

Na ziliachana. Sehemu fulani noti moja ilikuwa imekosewa urefu, na kwa masikio hawakuipata. Wakazifungua tepu zote, wakazilaza sakafuni sambamba kwenye korido ndefu ya Maida Vale, wakatembea nazo wakikagua viungo kimoja kimoja mpaka walipokiona kile kisicholingana na wenzake. Leo kwenye programu yoyote ya sauti unaona mawimbi yamepangwa mstari juu ya mstari. Wao walipanga kwenye korido.

Grainer aliporudi na kusikiliza, hakuamini kama ile ni karatasi yake. Alitaka Delia atambuliwe kama mtunzi mwenza na apate nusu ya malipo. BBC ilikataa. Sera ilikuwa kwamba watu wa kitengo kile hawatajwi majina, na kazi yao inaitwa sauti maalumu, siyo muziki. Kipindi kikaenda hewani Novemba 23, 1963, kikawa maarufu dunia nzima. Delia akaendelea kulipwa mshahara wake wa kawaida.

Jina lake lilikuja kuonekana kwenye skrini ya Doctor Who mwaka 2013, kipindi kilipotimiza miaka 50. Alikuwa ameshafariki.

Kifuniko cha taa

Turudi kwa Watuaregi.

Delia alipenda kile kifuniko cha kijani kwa sababu kikigongwa kinalia muda mrefu, kama kengele. Kama umesoma shule ambako rimu ya gari imening'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma, sauti hiyo unaijua. Kuna mgongo wa kwanza, kang! Halafu kuna mlio unaobaki unaelea.

Alichofanya ni kuukata ule mgongo na kubakisha mlio tu. Jaribu hata kwa simu: rekodi sufuria ikigongwa, ifungue kwenye programu ya bure kama Audacity, kata mwanzo wake. Ghafla siyo sufuria tena. Sikio linatambua kitu kwa ule mguso wa kwanza. Ukiuondoa, sikio linapotea.

Hakuishia hapo. Aliuchambua mlio ule, akatafuta umejengwa na mitetemo gani ndani yake, kisha akaijenga upya kwa osileta 12 za pale kazini, akizipandisha na kuzishusha moja moja kwa mkono. Hiyo ndiyo kazi ambayo plagini ya leo inaifanya kabla hujameza mate. Yeye alikesha nayo. Mara nyingi alifanya kazi usiku, wenzake wakiwa wamelala.

Na kwato za ngamia? Ni sauti yake mwenyewe, ya mdomo, iliyokatwakatwa. Kwa hiyo ngamia wale walioonekana wakipotelea kwenye jua la Sahara walikuwa na koo la msichana wa Coventry miguuni na kifuniko cha taa mgongoni. Kazi hiyo inaitwa Blue Veils and Golden Sands, na iliingia kwenye albamu ya kitengo hicho iliyotoka mwaka 1968.

Ukiisikiliza leo, bado inatisha kidogo. Haina mahadhi ya kubandika ya kiarabu ambayo filamu nyingi hutumia kuonyesha jangwa. Kuna joto tu, na kitu kinasogea mbali.

Mashine zilipofika

Nje ya BBC alishiriki kuanzisha studio, na mwaka 1969 ikatoka An Electric Storm, albamu ya kundi la White Noise alilofanya na David Vorhaus na Hodgson. Wakati huo huo sinthesaiza zikaanza kuingia kazini, ikiwemo moja kubwa kama kabati la ukutani. Ungedhani angefurahi.

Hakufurahi. Mashine zilileta haraka, na haraka ikaleta wakubwa waliotaka kazi iishe leo. Sauti alizozijenga kwa wiki sasa zilitakiwa kwa saa. Na mashine zile, kwake, zilitoa sauti zinazofanana fanana. Mwaka 1973 akaondoka.

Kilichofuata kinashangaza. Akawa opereta wa redio za mawasiliano kwenye ujenzi wa bomba la gesi kaskazini mwa Uingereza. Akafanya kazi kwenye jumba la sanaa, kisha duka la vitabu. Ndoa ya haraka ilivunjika, pombe ikamzidi. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu hakutoa kazi yoyote hadharani. Miaka ya mwisho ya 1990 mwanamuziki kijana, Peter Kember, alimtafuta na kumrudisha studio. Muda haukutosha. Delia alifariki Julai 3, 2001, akiwa na miaka 64, figo zikiwa zimeshindwa baada ya matibabu ya saratani ya matiti.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Coventry kilimpa udaktari wa heshima. Mwaka 2025 kampuni ya Spitfire Audio ya London ilitoa plagini yenye sauti za Radiophonic Workshop, kwa hiyo mtu akiwa na intaneti Tabora anaweza kuzinunua na kuzipiga kwenye kinanda. Gharama ndiyo ishu. Rimu na sufuria ni bure.

Baada ya kifo chake, darini kwake zilikutwa tepu 267 ndani ya maboksi ya vyakula vya asubuhi. Gundi ya lebo ilikuwa imekauka na lebo nyingi zimedondoka, hivyo hakuna aliyejua ipi ni ipi. Zilipelekwa Chuo Kikuu cha Manchester, zikaanza kusikilizwa moja moja.

Kwenye mojawapo, ya mwishoni mwa miaka ya 1960, kuna mdundo mfupi. Ulipotangazwa mwaka 2008 wanamuziki walishangaa, maana unasikika kama muziki wa klabu wa miaka ya 1990. Kabla mdundo haujaanza, sauti ya Delia inasikika ikimwambia msikilizaji asihangaike na hiki, ni cha kujifurahisha tu.