Mchungaji John Chilembwe na Umoja wa Wafanyabiashara Wakristo



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliotutangulia, safari hii hatuendi mbali. Mtu tunayemwandika kila mmoja wetu hapa Dzaleka amekwisha kumshika mkononi, hata kama hajui habari zake. Sura yake iko kwenye noti ya kwacha 500 iliyotolewa mwaka 2012, na tena kwenye ile ya kwacha 2,000 iliyotolewa mwaka 2016. Tarehe 15 Januari kila mwaka ofisi zinafungwa kwa heshima yake. Watoto wetu wanafundishwa shuleni kwamba Mchungaji John Chilembwe aliongoza vita dhidi ya wakoloni mwaka 1915 akauawa. Hayo ni kweli. Lakini vita hiyo haikufika hata wiki mbili. Kabla yake alikaa miaka 14 akihangaika na jambo ambalo ndugu wengi wa vikundi vyetu vya akiba wanalijua vizuri kuliko vita: waamini wenye mtaji mdogo na ardhi kidogo watashikana namna gani katika biashara, ndani ya nchi ambayo sheria zake hawakuzitunga wao?

Chilembwe alizaliwa karibu na mwaka 1871 huko Chiradzulu, kusini mwa nchi hii, kati ya Zomba na Blantyre. Alisoma kwanza katika misheni ya Waskoti ya Blantyre. Mwaka 1892 akafika Mwingereza mmoja, Joseph Booth, Mbaptisti, ambaye kabla ya kuitwa katika utumishi alifuga kondoo New Zealand na kufanya biashara Australia. Chilembwe akaenda kuomba kazi ya nyumbani kwake. Akapika, akalea mtoto mdogo wa Booth, akajifunza Kiingereza, na mwaka 1893 akabatizwa.

Booth hakuwa mmisionari wa kawaida. Pale Mitsidi alianzisha misheni iliyolima kahawa, kwa sababu aliamini kwamba kazi ya Injili ijilishe yenyewe kwa jasho, isingoje sadaka za ng'ambo siku zote. Akawalipa vibarua wake vizuri kuliko majirani zake wazungu, na majirani wakamchukia kwa hilo. Kijana Chilembwe aliyaona yote hayo kutoka jikoni. Mwaka 1897 wao wawili pamoja na wenzao wakaanzisha Umoja wa Kikristo wa Afrika. Nia yao ilikuwa kwamba Waafrika Wakristo wachange, wanunue ardhi, walime mazao ya kuuza, wafungue vituo vya biashara, na faida ijenge shule na makanisa. Umoja huo haukufika mbali. Booth alikuwa mtu wa mawazo makubwa na subira ndogo, tuseme ukweli, na kila alipoanza jambo alikuwa tayari anafikiria lingine. Lakini mbegu ilibaki kwa Chilembwe.

Mwaka huo huo Booth akamchukua mpaka Marekani. Huko Wabaptisti weusi wakampokea, wakamsomesha katika chuo chao cha Lynchburg, Virginia, na mwaka 1899 akawekwa wakfu. Fikirini alichokiona. Utumwa ulikuwa umekwisha miaka thelathini na kitu tu iliyopita, na tayari wana wa watumwa walikuwa na makanisa yao, vyuo vyao, magazeti yao na maduka yao, ingawa nao walibaguliwa kila siku. Mwaka 1900, mwaka ule ule ambao Chilembwe alirudi nyumbani, Booker T. Washington aliwakutanisha wafanyabiashara weusi katika mji wa Boston na kuanzisha chama chao cha kusaidiana. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa yanapumuliwa na kila mtu pale, kama vile hewa.

Akarudi amevaa suti, akanunua ekari 93 pale Mbombwe, Chiradzulu, na kuanzisha misheni iliyoitwa Providence Industrial Mission. Jina lenyewe linaonyesha alichotaka, maana neno la katikati ni la kazi na uzalishaji. Wabaptisti weusi wa Marekani wakamtumia wasaidizi, Mchungaji Landon Cheek mwaka 1901 na dada Emma DeLany mwaka 1902. Wakalima pamba, chai na kahawa. Wakafungua shule. Mama Ida, mke wa Chilembwe, aliwafundisha akina mama kushona na kutunza nyumba. Kufikia mwaka 1912 wanafunzi walikuwa kama 1,000 na washirika wazima kama 800.

Sasa tufike kwenye umoja wenyewe. Karibu na mwaka 1909 Chilembwe na wenzake waliunda chama walichokiita Natives' Industrial Union, yaani umoja wa wenyeji wa kazi na biashara. Wazungu wenye mashamba na maduka walikuwa na chama chao cha biashara, wakikutana, wakipeana habari za bei, wakiongea na serikali kwa sauti moja. Mwafrika mwenye duka dogo au ekari chache za tumbaku alikuwa peke yake. Chilembwe akasema nao wakutane.

Watu waliomzunguka hawakuwa maskini wa kutupwa. Alikuwepo John Gray Kufa, msaidizi wa tiba aliyefundishwa na misheni ya Blantyre, ambaye baadaye alikuwa na shamba lake mwenyewe. Alikuwepo Duncan Njilima, mkulima na mfanyabiashara, aliyewapeleka watoto wake wawili wa kiume kusoma Marekani. Walikuwa watu wa kalamu na daftari. Wengine walitoka katika makanisa mengine, wala Chilembwe hakuwataka wawe Wabaptisti kwanza.

Kilichowashika ni mwenendo. Chilembwe alihubiri dhidi ya pombe bila kuchoka. Alisisitiza kazi ya mikono, usafi, kuvaa vizuri, kusomesha watoto wa kike, na kutowaoza wakiwa bado wadogo. Ndugu msomaji anaweza kuona kwamba hayo ni mambo ya mimbari tu, hayahusiani na biashara. Yeyote aliyewahi kushika sanduku la likelemba, au banki mkhonde kama wenyeji wetu wanavyoita, anajua kwamba yanahusiana sana. Mahali pasipo na hati wala mwanasheria, unamkopesha mtu kwa sababu unajua anakunywa au hakunywi, anarudi nyumbani saa ngapi, na watoto wake wanasoma au wanazurura sokoni. Mwenendo wa mtu ndiyo dhamana yake.

Habari ya mavazi haikuwa ndogo. Wakati ule Mwafrika alitazamiwa kuvua kofia mbele ya mzungu. Kuna picha ya mwaka 1914 ambayo Chilembwe amesimama karibu na mmisionari Mwingereza, John Chorley, naye ana kofia kichwani. Msanii wa Kimalawi, Samson Kambalu, aliitengeneza picha hiyo kuwa sanamu, nayo ilisimama katika uwanja wa Trafalgar, London, kuanzia mwaka 2022 hadi 2024. Chilembwe amefanywa mkubwa sana, mzungu ni mdogo kando yake. Kofia ipo.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wakimbizi tusilipite haraka. Sehemu kubwa ya waliojaza makanisa ya Chilembwe walikuwa wageni. Ni Walomwe waliovuka mpaka kutoka Msumbiji, wakikimbia mateso ya Wareno. Hawakuwa na ardhi. Walipewa mahali pa kujenga kibanda ndani ya mashamba ya wazungu kwa sharti la thangata, yaani kumfanyia mwenye shamba kazi ili kulipia makao. Jirani wa Chilembwe lilikuwa shamba la Magomero, ekari zaidi ya 160,000, mali ya ukoo wa Bruce, wajukuu wa yule David Livingstone msafiri. Meneja wake aliitwa William Jervis Livingstone, mtu mwingine kabisa. Wageni hao walipojenga vibanda vya ibada ndani ya shamba, meneja aliviteketeza. Watoto wao wakakosa shule.

Basi tazameni hali ya umoja ule. Wanachama walikuwa waaminifu, tena wenye bidii. Lakini mkopo wa kuendesha shamba Mwafrika aliupata kwa shida sana. Vibarua walikuwa wamefungwa na thangata kwenye mashamba makubwa. Tena mwaka 1913 njaa ikapiga sehemu za kusini. Sisi tunaona kwamba ugonjwa mkubwa ulikuwa hapa: wote walikuwa wadogo, wakingoja mavuno ya msimu mmoja, na mmoja alipoanguka mwenzake alikuwa anaanguka naye. Kusaidiana kunafaa sana pale mmoja anapokuwa na kitu siku ambayo mwingine hana. Mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka, waliokuwa na maduka Lilongwe waliyafunga wote kwa wakati mmoja, na vikundi vilivyowategemea vikayumba siku hiyo hiyo. Uaminifu haukupungua. Fedha ndiyo haikuwepo.

Mchungaji mwenyewe alikuwa ameingia katika madeni. Wamarekani wawili walikuwa wamekwisha kurudi kwao, Emma DeLany mwaka 1905 na Cheek mwaka 1906, na msaada kutoka ng'ambo ulipungua. Hata hivyo alijenga kanisa kubwa la matofali lililokamilika mwaka 1913, na wapo wanaosema kwamba lilizidi uwezo wa mfuko wake. Inawezekana. Pumu ilimsumbua, macho yakaanza kufifia, na binti yake akafariki.

Mwaka 1914 ikaja vita ya Waingereza na Wajerumani. Mwezi wa Septemba askari na wapagazi wengi wa nchi hii walikufa huko Karonga. Chilembwe akaandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times mwezi wa Novemba, akiuliza kwa nini anayeitwa kufa ni mwana wa mjane asiye na kitu, na wala si wenye mali, wenye benki, wenye maduka na mashamba makubwa ambao ndio watakaofaidi. Barua ikazuiwa. Ni barua ya mtu aliyekuwa ametaka kuingia kwa mlango wa biashara na akakuta umefungwa.

Kilichofuata kinaumiza kukiandika. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wake walishambulia Magomero. Livingstone na wazungu wengine wawili wakauawa. Chilembwe alikuwa ameagiza wanawake na watoto wasiguswe, na hawakudhuriwa. Lakini kichwa cha Livingstone kilikatwa na kupelekwa kanisani, na ibada ya Jumapili ikafanyika kikiwepo. Siku mbili baadaye misheni ya Wakatoliki ya Nguludi ikachomwa, na msichana mdogo akafa motoni. Watu hawakuamka kwa wingi kama alivyotarajia. Tarehe 3 Februari askari walimkuta Chilembwe karibu na mpaka wa Msumbiji, wakampiga risasi.

Malawi inamheshimu kama shujaa, na sisi tuliopokewa na Malawi hatuna sababu ya kubishana nayo. Lakini wengi wetu tulifika hapa tukikimbia silaha, na tumewaona viongozi wa dini waliobariki silaha hizo. Hatuwezi kuisoma Jumapili ile ya Mbombwe na kuipita. Tena inafaa kuona ni nani waliokuwa naye. Kufa na Njilima walinyongwa. Watu karibu 40 waliuawa kwa hukumu, na kama 300 walifungwa. Wale wale waliokuwa wameaminiana kwa fedha na mavuno ndio walioaminiana kwa siri ya usiku ule. Umoja uliojengwa kwa miaka mingi ili watu waishi uligeuka njia ya kupitishia habari za vita. Tume ya serikali iliyochunguza baadaye ilikiri ukali wa Livingstone na ubaya wa hali katika shamba lile, lakini thangata yenyewe iliendelea kwa miaka mingi.

Kanisa la matofali serikali ililivunja kwa baruti. Misheni ikafungwa.

Miaka mingi kabla ya hayo, mvulana mmoja wa shule ya Mbombwe, Daniel Malekebu, alikuwa amemfuata dada Emma DeLany mpaka Marekani, akasoma, akawa daktari. Mwaka 1926 alirudi na mke wake Flora, akaruhusiwa kuifungua misheni tena. Akafungua zahanati na shule, akawakusanya washirika waliokuwa wametawanyika, na wao wakachoma matofali upya. Kanisa jipya lilikamilika mwaka 1933, nalo lipo hadi leo. Ukienda Chiradzulu, uliza PIM, mtu yeyote atakuonyesha.