Bobby Jones: Bingwa wa gofu aliyejiadhibu mwenyewe

Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, na Bobby Jones, aliyezaliwa Atlanta, Marekani, mwaka 1902, aliwafurahisha wapinzani wake kwa miaka kadhaa. Alipokosea alivurumisha fimbo. Mnamo 1921, kwenye mashindano ya Uingereza yaliyoandaliwa St Andrews, Scotland, alikata tamaa katika shimo la 11, akajiondoa.

Aliyefika Worcester, Massachusetts, mwaka 1925 kuwania taji la US Open alikuwa mtu mwingine. Mpira wake ulitikisika kidogo nyasini alipojiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Waamuzi wakamwachia shauri. Jones akajiongezea pigo moja la adhabu. Kwa pigo hilo alitoka sare na Willie Macfarlane, ambaye alimshinda katika mchuano wa marudio. Sifa alizomiminiwa zilimkera tu.

Wakili huyo, ambaye kamwe hakushindana kwa malipo, alinyakua mataji yote manne makuu mwaka 1930, akastaafu akiwa na umri wa miaka 28. Baadaye maradhi ya uti wa mgongo yalimpooza polepole. Mwaka 1958 mji wa St Andrews, ule ule alikoshindwa na hasira zake, ulimtunuku uraia wa heshima. Alifariki Desemba 1971.