George Albert Boulenger: Mbeleji aliyepatia samaki wa Tanganyika majina ya vitabuni

Wavuvi wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba wanajua samaki wao kwa majina ya kwao: kuhe, lumbu, ndakala. Lakini ukifungua kitabu cha wataalamu wa samaki, utakuta majina mengine ya Kilatini, na nyuma ya mengi yao kumeandikwa jina moja: Boulenger. Desturi ya wataalamu ni hiyo: mtu wa kwanza kueleza aina fulani ya mnyama kwa maandishi, jina lake linafuata jina la mnyama huyo siku zote.

Boulenger alikuwa nani? Na ana uhusiano gani na samaki wadogo wenye rangi wanaotolewa ziwani wakiwa wazima, wakatiwa ndani ya mifuko ya plastiki na kusafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya, Marekani na Asia, kwenda kupamba masanduku ya kioo ndani ya nyumba za watu? Haya ndiyo maisha yake.

Mtoto wa notere

George Albert Boulenger alizaliwa Bruxelles, Ubeleji, tarehe 19 Oktoba 1858. Baba yake alikuwa notere. Kijana hakufuata kazi ya baba, alisoma mambo ya viumbe kwenye Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, akamaliza mwaka wa 1876. Kiisha aliingia kazini katika jumba la makumbusho la viumbe mulemule mjini.

Miaka ile Ubeleji yote ilikuwa inazungumzia mifupa mikubwa iliyopatikana mwaka wa 1878 ndani ya mgodi wa makaa ya mawe kule Bernissart. Ilikuwa mifupa ya dinosauri, wanyama wakubwa waliokufa zamani sana. Mwaka wa 1881 Boulenger, akiwa bado kijana, alionyesha kwamba wanyama hao walikuwa aina ya peke yake, wala si ile iliyojulikana tayari Uingereza. Jina lililotokana na hapo, Iguanodon bernissartensis, linatumika hadi leo.

Mwaka wa 1880 Albert Günther, mkubwa wa sehemu ya wanyama katika jumba la makumbusho la London, alimwita aende kupanga vyura waliowekwa kule. Boulenger alihamia, akachukua uraia wa Uingereza, akabaki katika kazi ile mpaka mwaka wa 1920. Ni kusema karibu miaka 40 mezani, mbele ya chupa zenye wanyama waliokufa.

Waliomjua walisema alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, alisoma lugha nyingi za Ulaya, tena alipiga fidla. Kufika mwaka wa 1921 alikuwa ametoa maandishi 875. Ndani yake alieleza aina mpya 1.096 za samaki, 556 za vyura na jamaa zao, na 872 za nyoka, mijusi na wengine wa namna hiyo.

Chupa toka Congo

Mwaka wa 1897 mfalme Leopold wa Pili alianza kukusanya wataalamu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Congo, lile ambalo leo liko Tervuren karibu na Bruxelles. Boulenger aliwekwa kuongoza tume ya wataalamu hao. Chupa na mapipa ya samaki vikaanza kuteremka toka mto na maziwa yetu. Mwaka wa 1901 akatoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa bonde la Congo. Kati ya 1909 na 1916 akatoa vitabu vinne juu ya samaki wa maji baridi wa Afrika nzima.

Tusisahau wakati huo ulikuwa wakati gani. Ilikuwa miaka ya mpira mwekundu, miaka ambapo watu wa Congo walipigwa, walikatwa mikono na kuuawa juu ya mpira wa mfalme huyohuyo. Samaki waliofika mezani kwa Boulenger walivuliwa na mikono ya watu wa hapa, na majina ya watu hao hayakuandikwa vitabuni. Majina yaliyoandikwa ni ya maofisa na wasafiri wazungu.

Je, Tanganyika ilikuwa bahari?

Mmoja wa wasafiri hao alikuwa Mwingereza John Edmund Sharrock Moore. Alifika Tanganyika kwa mara ya kwanza miaka ya 1895 na 1896. Alikuta mambo ya kushangaza: konokono wenye magamba kama ya baharini, na ndani ya maji baridi kiwavi-maji, yule mnyama laini kama mwavuli ambaye watu walizoea kumwona baharini tu. Moore akawaza kwamba Tanganyika ilikuwa zamani mkono wa bahari uliokatika na kubaki peke yake katikati ya Afrika.

Samaki aliowakusanya alimpa Boulenger. Mwaka wa 1898 Boulenger alitoa taarifa yake. Wengi wa samaki hao walikuwa wapya kabisa, lakini hawakuwa jamaa za samaki wa baharini. Wengi aliwaweka katika familia ya tilapia, familia ileile inayoishi ndani ya mito na maziwa ya Afrika. Utafiti uliofuata ulikataa wazo la Moore. Leo inajulikana kwamba ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa ardhi, mamilioni ya miaka iliyopita, na samaki wake walitoka mitoni, wakagawanyika humohumo ziwani kuwa aina nyingi.

Hata hivyo, kosa la Moore linaeleweka. Samaki wa mawe ya Tanganyika wako na rangi na mistari inayofanana kweli na ya samaki wa miamba ya bahari. Ndiyo sababu wapenzi wa akwariamu wanawatafuta sana: uzuri karibu wa baharini, ndani ya maji yasiyo na chumvi.

Rangi zilizobaki ziwani

Ili tuelewe kazi ya Boulenger, tuangalie namna ilivyofanyika. Samaki alitiwa ndani ya alkoholi palepale ziwani, akasafiri miezi mingi. Akifika London, Boulenger alihesabu magamba yake, miiba ya mapezi yake na meno yake, akapima kichwa na mwili, akalinganisha na wengine. Kiisha aliandika maelezo, mchoraji akachora, na samaki mwenyewe akawekwa kabatini kama ushahidi wa jina.

Lakini alkoholi inakula rangi. Nyekundu, manjano na buluu zinapotea upesi. Nyeusi ndiyo inakaa. Kwa hiyo samaki mwenye mistari myeusi alifika London akiwa bado na alama zake. Julidochromis ornatus, wa 1898, ni mmoja wao: kwenye mwili wa manjano ana mistari mitatu myeusi toka kichwani kwenda mkiani. Mwingine ni Cyphotilapia frontosa, wa 1906, yule mwenye kibyongo kwenye paji la uso na mapande meusi ubavuni.

Kwa wengine, jambo kubwa lilibaki ziwani. Mwaka wa 1898 Boulenger alimpa samaki mmoja mdogo jina la Tropheus moorii, kwa heshima ya Moore. Tropheus akikaa ndani ya alkoholi anakuwa samaki wa kahawia tu. Akiwa hai ni kitu kingine. Mahali pamoja ni mweusi mwenye ukanda wa machungwa, kama wale wa Bemba, upande wetu wa kaskazini ya ziwa. Mahali pengine ni mwekundu, manjano ao kijani. Kuna jamaa yake, Tropheus duboisi, aliyeelezwa mwaka wa 1959: watoto wake ni weusi wenye madoa meupe kama nyota, na wakikua madoa yanapotea. Leo zaidi ya rangi 100 za Tropheus zinajulikana, na kila moja iko na pwani yake.

Juu ya nini? Tropheus anakula majani membamba yanayoota juu ya mawe, na hapendi kuacha mawe. Kipande kirefu cha mchanga kwake ni kama ukuta. Jike anabeba mayai machache mdomoni mpaka watoto wakomae, kwa hiyo watoto nao wanabaki palepale. Hivyo kila fungu la mawe linakuwa kijiji, na kila kijiji kinavaa rangi yake. Rangi ni anwani.

Hata Cyphotilapia iko hivyo. Wale wa kusini walitengwa mwaka wa 2003 kuwa aina ya peke yake, Cyphotilapia gibberosa. Wale wa buluu wa upande wa Moba ni kati ya samaki wa Tanganyika wanaotafutwa sana na wenye akwariamu. Mnunuzi wa Ulaya anataja jina la Moba, hata kama hajui Moba iko wapi kwenye ramani.

Shida ya machotara

Hapa ndipo kazi ya Boulenger na biashara ya leo zinakutana. Tropheus wa pwani mbili tofauti wakiwekwa ndani ya sanduku moja wanazaana bila shida. Watoto wao ni machotara, na mara nyingi rangi zao zinachanganyika vibaya: si ukanda wa huku, si wekundu wa kule. Mfugaji makini anakataa kuwachanganya, na anataka kujua samaki wake alitoka wapi hasa. Samaki asiye na mahali bei yake inashuka.

Ndani ya ziwa mchanganyiko unatokea pia kwa njia ya kawaida. Maji yalipopanda na kushuka katika maelfu ya miaka, vijiji vya samaki vilikutana na kuachana, na wataalamu wanaona alama za mikutano hiyo hadi leo. Lakini hilo ni jambo la miaka elfu na elfu. Mtu mwenye ndoo anaweza kufanya hivyo kwa siku moja. Katika ziwa Malawi, samaki wa sehemu nyingine ya ziwa waliachiliwa kwenye kisiwa cha Thumbi West wakati wa biashara hii ya akwariamu. Wakazaana na wenyeji wa pale, na baadaye wataalamu wakathibitisha kwamba machotara wamepatikana. Aina iliyochanganyika hivyo hairudi nyuma.

Samaki mwingine wa Boulenger yuko hatarini kwa njia nyingine. Mwaka wa 1921, akiwa amekwisha kuacha kazi, alieleza Caecobarbus geertsii, samaki wa mapango ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Samaki huyu hana macho, wala hana rangi. Ngozi yake ni nyeupe yenye wekundu wa damu. Wenye akwariamu walimpenda juu ya ugeni wake. Leo biashara yake inafuatwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa sababu haishi mahali pengine duniani isipokuwa kule.

Waridi mwishoni

Mwaka wa 1920 Boulenger aliacha samaki, akarudi kwa Wabeleji na kuanza kusoma maua ya waridi. Aliandika vitabu viwili juu ya waridi za mwitu za Ulaya, mimea inayojulikana kwa kuchanganyika na kuzaa machotara. Mwana wake, Edward George, alifuata njia ya baba kwa namna yake: aliongoza akwariamu ya bustani ya wanyama ya London, iliyofunguliwa mwaka wa 1924. Baba alihesabu samaki wafu ndani ya chupa, mwana akalinda samaki wazima nyuma ya kioo.

George Albert Boulenger alikufa Saint-Malo, Ufaransa, tarehe 23 Novemba 1937, akiwa na miaka 79.

Yaliyobaki

Kuhe, mmoja wa wakubwa kabisa katika familia ya tilapia, anaitwa leo Boulengerochromis microlepis: jina la mtu huyu limo ndani ya jina la samaki. Na watu wa Goma na Bukavu wanakula kila siku samaki aliyeelezwa naye mwaka wa 1906. Sambaza, Limnothrissa miodon kwa Kilatini, ni lumbu wa Tanganyika aliyeletwa ndani ya ziwa Kivu kati ya 1958 na 1960.

Chupa zake bado ziko kabatini London na Tervuren. Kwenye kila moja kuna karatasi ndogo yenye jina la mahali samaki alipovuliwa. Rangi imekwisha, lakini karatasi imebaki, na mara nyingi ndiyo inayomsaidia mtaalamu wa leo kujua kama samaki wa pwani fulani ni aina ya peke yake.

Ndugu wanaovua samaki wa rangi kwa kuuza wanaweza kufanya kazi hiyohiyo bila chupa wala alkoholi. Andika jina la mawe ambapo samaki alitoka, hata kama mnunuzi hajauliza. Na yule asiyeuzwa arudishwe palepale alipovuliwa, si mbele ya nyumba ya mnunuzi, si kwenye bandari iliyo karibu. Boulenger hakuona rangi za pwani zetu zote. Wanaoziona kila siku ni watu wa hapa.